Kijito Kati Yangu na Mama Mkwe

Aibu ziko za namna nyingi, na mimi nimezionja karibu zote. Nimewahi kuanguka na baiskeli katikati ya soko la Kasongo nikiwa nimevaa suruali nyeupe. Nimewahi kusahau sala ya Nasadiki mbele ya padri na mbele ya watu niliowafundisha mwenyewe. Aibu za namna hiyo hupita. Mwaka ukiisha unazisimulia wewe mwenyewe ili watu wacheke. Lakini ipo moja ambayo hata sasa, mzee niliyekwisha kung'oka meno, ikinijia nikiwa peke yangu nauinamisha uso kama vile nyumba imejaa watu.

Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka ile walipokuwa wakipigana vita kwao Ulaya na sisi huku tukilimishwa pamba. Nilikuwa katekista wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Padri alitufikia mara chache, barabara ikikauka. Jumapili nyingine zote mimi ndiye niliyegonga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu, mimi niliyesalisha, mimi niliyewakemea waliochelewa. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na kazi ile ilinivimbisha kichwa. Nilitembea kijijini na medali ya Bikira Maria kifuani, nje ya shati, ili ionekane.

Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kubatizwa upande ule. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo hata ukuta wa udongo unaitikia. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hamli pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ukiwa na neno la kumwambia unampa mtu wa tatu alipeleke, na kama hakuna mtu unaliambia jiwe au mbuzi, naye analisikia. Kanisani tulikuwa tumepatana bila kupatana: yeye alikaa mbele, pembeni kabisa, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, nami niliwatazama wanaume. Wageni walikuwa wakicheka desturi hiyo. Waliocheka walikuwa watu wasio na adabu, na sijabadili mawazo yangu.

Shamba la pamba la kila mtu lilikuwa kando ya barabara, limepimwa kwa kamba, ili agronomi, Mzungu wa kilimo, aweze kulikagua bila kushuka garini. Mwaka huo mke wangu alijifungua kwa shida, akaugua baadaye, na mimi nikawa mpishi, mfuaji na mlezi. Wanaume wenzangu walinicheka wakiniona naanika nguo za mtoto. Pamba ikazidiwa na magugu. Kapita, yule mwenzetu mweusi aliyewekwa kutusimamia, alikuja kunionya, na kusema kweli alikuja kwa upole. Nikamjibu kwamba mimi ni mtumishi wa Mungu na Mungu anajua kwa nini shamba langu liko vile.

“Mungu anajua, katekista,” akasema. “Lakini ule muzungu wa pamba, yeye hajue.”

Siku ya soko la pamba watu wote walikuwa mbele ya ghala na vikapu vyao. Agronomi alisimama kivulini, akaita majina ya wale ambao mashamba yao yalimchukiza. Jina langu liliposomwa niliigusa medali yangu nikatembea mbele kwa madaha, nikitegemea kwamba atasikia mimi ni nani na atanirudisha. Alisikia. Akasema nivue suruali nilale chini.

Sisemi habari ya maumivu. Kiboko kinauma, kila mtu wa rika langu anajua, na kidonda chake kinapona. Ninachosema ni kwamba uso wangu ulikuwa umebanwa ardhini ukielekea upande mmoja, na upande huo nikaona miguu ya watu, na kati ya miguu hiyo mmoja ulikuwa na kikuku cha shaba ambacho nilikijua vizuri, kwa sababu ndicho sehemu pekee ya mama mkwe niliyokuwa na ruhusa ya kuiona. Alikuwa amebeba kikapu mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso kama wanawake wetu wanavyobeba. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kugeuza shingo. Nyuma yake watu walikuwa wamesongamana. Kwa hiyo alisimama pale na kuniona mimi, mkwewe, mwalimu wake wa dini, matako wazi juani. Halafu kikapu kikaanguka, pamba ikamwagika vumbini, naye akakimbia akipiga ukelele wa msiba.

Nilitamani kufa pale pale. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wazee walikuja nyumbani kabla vidonda vyetu havijakauka. Walisema jambo hilo lina dawa yake: kuku mweupe, majani fulani, maji ya kivukoni, na mzee mmoja wa kusema maneno. Bila hiyo, mimi na mama mkwe tungehesabiana kama wafu. Lakini padri alikwisha kuwakataza makatekista mambo hayo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapiga marufuku kanisani kwa sauti ya juu, huku nikigonga meza. Ningemwendea nani sasa na kuku mkononi? Wazee wakasikiliza sababu zangu, wakasimama, wakaondoka bila kuaga.

“Mama anasema asipite tena mbele yako,” mke wangu aliniambia, akimtazama mtoto badala yangu. “Anasema macho yake iliharibika.”

Jumapili iliyofuata niligonga rimu, nikaingia kanisani. Mahali pa mama mkwe palikuwa patupu. Nikasikia kikohozi nje ya ukuta. Alikuwa amesimama nyuma ya kanisa, kwenye jua, ili ashiriki sala bila kunitia macho. Mwanamke aliyebatizwa kabla yangu alikuwa nje kama mbuzi, na mimi niko ndani. Nilifungua kinywa kuanza sala, nikaona kila jicho linaloniangalia linaniona vile nilivyokuwa siku ya soko. Nikawaambia watu waende wakaombe nyumbani. Nikatoka kwa mlango wa upande.

Hivyo kanisa la Mungu likafungwa kwa sababu ya matako yangu. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Jumapili ikapita, na nyingine, na rimu ikakaa kimya. Nilijua nisipoweza kusimama tena mbele ya watu na kuomba, mimi si katekista, na pengine si Mkristo pia. Nyumbani nilijaribu kupiga magoti kitandani, lakini kila neno lililonijia lilikuwa ni lile la kuwafundishia wengine, na mimi nikaona haya hata kulitamka.

Ndipo nikakimbilia shambani. Si lile la pamba. Lile nililipalilia alfajiri kwa woga na kuliacha. Nasema la mke wangu, bondeni, mbali na barabara, ambako mama yake alimkatia sehemu alipoolewa. Katikati palipita kijito. Ng'ambo ya huku ilikuwa karanga na muhogo wetu, ng'ambo ya pili mpunga na magimbi ya mama mkwe, na katikati migomba ya kutosha kumficha mtu. Nilichagua mahali hapo kwa kuwa hapakuwa na macho. Sikuwa na nia nyingine, na nisisifiwe.

Kijito kilikuwa kinakufa. Mlima wa juu, kule barabara inakopita, ulikuwa umefyekwa wote kwa ajili ya pamba, na kila mvua iliyonyesha ilishusha mchanga na udongo mwekundu mpaka chini. Kisima walichochotea wanawake kilikuwa kimejaa tope. Mpunga wa mama mkwe ulikuwa umefunikwa nusu yake, mashina yamelala. Nilipouona, aibu ilinivaa upya. Sehemu ya udongo ule ilitoka shambani kwangu mwenyewe, lile lililonifanya nichapwe.

Nikaanza kuzoa mchanga. Mwanzoni nilifanya kazi kwa hasira, kila pigo la jembe nikimpiga mtu: agronomi, kapita, waliocheka, wazee, mimi mwenyewe. Nilipomaliza watu wa kuwapiga, kazi ilikuwa bado nyingi. Nikaacha kuchoma magugu kama tulivyozoea. Nikayalaza kwa mistari kukata mteremko, nikayashindilia kwa vijiti, ili maji yanayoshuka yakute kizuizi. Nikakata matawi ya mkuyu nikayachomeka kando ya kisima, maana mkuyu ukichomekwa kwenye unyevu hushika.

Siku moja nilipofika, nikakuta mstari wa nyasi umeendelea ng'ambo ya pili. Umelazwa vizuri kuliko wangu, vijiti vimekatwa sawasawa. Kesho yake nikaenda asubuhi badala ya mchana, na njiani nikakuta tawi bichi limelazwa. Hiyo ni alama kwetu: mkwe wako yuko mbele, rudi. Nikarudi. Mchana tawi lilikuwa limeondolewa, na tope la kisima limepungua. Kuanzia hapo asubuhi ikawa yake na mchana ukawa wangu, na mimi nami nikawa nalaza tawi. Hatukuambizana neno. Alipoishia mimi niliendelea, nilipoacha yeye alishika. Nilikuwa nikiona alama za miguu yake kwenye tope na kuzikwepa kwa heshima, nisizikanyage.

Halafu ikaja mvua, moja ya zile zinazowafukuza hata kuku. Ilinikuta bondeni. Nikajibanza chini ya migomba na kutazama mlima. Maji yalishuka mekundu, mazito, yakija kwa nguvu moja kwa moja kwenye mpunga wa yule mama. Yakafika kwenye mstari wa kwanza wa nyasi, yakasita, yakatafuta njia. Yakapita, lakini polepole. Kwenye mstari wa pili yakatua mzigo wake wa udongo. Yalipoingia kijitoni yalikuwa na rangi ya chai, na mpunga ulikuwa umesimama.

Nikasikia mtu anasema “Asante, Baba.” Nilikuwa mimi. Sikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila kusema na Mungu neno la kweli, na hilo likatoka lenyewe nikiwa nimelowa, magoti yamejaa tope, medali imegeuka mgongoni. Nikaona haya, ya namna nyingine, kwa sababu nilitambua kwamba miaka yote ile kanisani nilikuwa nikiomba huku nikisikiliza sauti yangu mwenyewe na kuipenda. Hapa hakuna aliyenisikia ila migomba. Nikaendelea. Niliomba kwa ajili ya ule mpunga. Nikaomba kwa ajili ya mke wangu na mtoto. Nikajaribu kumwombea agronomi, nikashindwa, na nikamwambia Mungu kwamba nimeshindwa.

Tangu siku hiyo kazi ikawa sala yangu. Nilipalilia karanga na kuzungumza. Nilipoona ua la karanga limeanguka na kile kikonyo chake kinashuka chenyewe ardhini kwenda kuficha tunda, nilikaa kitako na kutazama kwa muda mrefu. Nililima karanga tangu utoto na sikuwahi kumshukuru mtu kwa jambo hilo. Udongo uliokuwa mgumu ukalainika chini ya nyasi zilizooza, minyoo ikarudi, mikuyu ikachipua. Na mimi nikaanza kulala usingizi. Nikaanza hata kuimba, kwa sauti ndogo.

Ningependa kusema kwamba hapo mambo yalikwisha. Lakini nilikuwa bado mwoga. Nilijipigia hesabu kwamba mimi na Mungu tumepatana bondeni, na watu hawana haja ya kuingilia. Waliponiuliza njiani lini tutasali, niliinama nikajidai natazama mwiba mguuni. Habari zikaja kwamba padri atapita barabara ikikauka.

“Uko unaomba mu shamba,” mke wangu aliniambia jioni moja, akipika sombe, majani ya muhogo. “Muzuri. Na siye tunaomba na nani?”

“Mama yako ni mukubwa kanisani kuliko miye. Awaombeshe.”

“Mama anasimama inje. Anasema hataingia mpaka weye utaingia.”

Nilikula nikatoka nje.

Siku chache baadaye nilikuwa kisimani mchana, zamu yangu, tawi langu limelala njiani kama kawaida. Nilikuwa nimetundika suruali na shati mgombani na kujifunga kitambaa kibovu kiunoni, tope limenifika mapajani, nikiinamia kung'oa mzizi. Nikasikia hatua. Nilijua hatua zile. Nikapiga kelele, nikiielekea migomba kama adabu inavyotaka: “Tawi iko njiani! Mutu iko huku!”

Hatua hazikusimama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mama mkwe wangu alikuwa ameruka tawi. Nikachutama majini, nikajikunyata, nikataka kijito kinimeze. Nikatazama kwa pembe ya jicho.

Alikuwa anakuja kinyumenyume. Mgongo ulikuwa kwangu, uso umeelekea alikotoka, visigino vinapapasa ardhi kabla ya kukanyaga, kikuku kinagonga mawe. Mabegani alikuwa ameshika kipande cha merikani, kitambaa kipya cheupe, amekitandaza nyuma yake kwa mikono miwili.

Nilichelewa kuelewa. Halafu nikakumbuka picha ya rangi ambayo padri alituachia, ya Nuhu amelala uchi hemani mwake. Tuliambiwa tukazie habari ya yule mtoto aliyemwona baba na kwenda kumtangaza, na laana iliyofuata, na walikuwepo waliotueleza kwamba laana hiyo ni yetu sisi weusi. Nami niliikazia, nikigonga meza. Wale watoto wengine wawili waliotembea kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika baba yao bila kumtazama, nilikuwa nikiwapitia harakaharaka. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni na kitambaa chake kwenye nyusi, na yeye hakuwapitia.

Akafika ukingoni. Akaniwekea merikani mgongoni, akaisawazisha kwa mikono ya nyuma, akigusa kitambaa tu, bila kunigusa mimi. Halafu akazungumza na mgomba uliokuwa mbele yake.

“Weye mugomba, ambia katekista, dawa ya kuku padri alikataza. Hii hakukataza, ilitoka kwake.” Akaugonga mgomba kwa kiganja. “Ambia yeye, ile siku mutu mwenye kukosa nguo haikuwa yeye.”

Nikaishika merikani kifuani isiteleze majini.

“Na ambia yeye mupunga iko muzuri,” akasema, na kuondoka kwa hatua za kawaida, bila kugeuka.

Nilibaki majini na merikani yangu, ikinyonya tope taratibu. Nikawaza kwamba kitambaa hicho nacho ni pamba, na kwamba pengine kilisafiri kutoka mlimani kwetu mpaka Ulaya na kurudi kwenye duka la mwungwana mmoja, Mwislamu wa huko Kasongo, ili mjane auze karanga zake akinunue. Nikacheka peke yangu. Nikaifua, nikaianika kwenye mkuyu.

Jumapili niligonga rimu. Mlio wa kwanza ukatoka vibaya. Watu walitoka majumbani wakiwa na mashaka, wengine wakifunga nguo njiani. Nilikuwa nimejitupia merikani mabegani juu ya shati, ina doa la tope ambalo halikutoka, na medali nilikuwa nimeitia ndani. Mama mkwe akaingia baada ya wote. Akaenda mahali pake mbele, akakaa, na kunigeuzia mgongo. Uso wake ulielekea ukuta. Hakuna mtu aliyecheka. Wale wanawake waliokuwa karibu naye wakatazamana, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuza vigoda vyao na kukaa kama yeye, ili asiwe peke yake.

Nilikuwa na migongo ya wanawake mbele yangu na nyuso za wanaume pembeni. Nilianza ishara ya msalaba, nikaimaliza. Nilianza Baba Yetu. Nilipofika mahali pa kuomba chakula cha kila siku nikauona ule mpunga umesimama, na nikakoma hapo hapo. Watu walingoja. Nikajua kwamba imekwisha, kwamba nitatoka tena kwa mlango wa upande.

Ndipo sauti ya mama mkwe ikagonga ukuta na kurudi kwetu. Alilishika neno pale pale nilipoliachia, akaendelea nalo, na wanawake wakamfuata, na wanaume. Wakaisali yote mpaka mwisho, na mimi nimesimama mbele yao, machozi yananidondoka kwenye merikani, na sikuufunika uso.